Carscallen wa Gendia na Suala la Tumbaku

Tumezoea kuzungumza juu ya uvutaji wa sigara kana kwamba ni jambo la mtu binafsi tu. Huyu amependa, yule amekataa, na mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Mimi sikubaliani na kauli hiyo. Misimamo ya watu kuhusu tumbaku ina historia yake, na katika nchi niliyozaliwa mimi, yaani Osiri na majirani zake walioko leo katika kaunti za Migori na Homa Bay, historia hiyo haielezeki bila ya kumtaja Arthur Asa Grandville Carscallen. Wanaisimu wanamfahamu kwa sarufi yake ya Dholuo. Waumini wa Kanisa la Waadventista Wasabato wanamfahamu kuwa mwasisi wa misheni ya Gendia. Ninalonuia kulijadili hapa ni jambo la tatu ambalo aghalabu hatulitaji, nalo ni namna maisha yake yalivyoathiri midomo yetu, na namna yalivyoshindwa kuyafikia mashamba yetu.

Carscallen alizaliwa mwaka 1879, naye alikuwa raia wa Kanada. Alisomea kazi ya umisionari jijini London, katika chuo cha Duncombe Hall, na mwaka 1906 akatumwa Afrika Mashariki akiwa bado hajatimiza miaka thelathini. Alifika Kisumu mwezi wa Novemba mwaka huo. Hakuja peke yake. Aliandamana na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi tuiitayo leo Malawi. Masimulizi mengi humpita Nyambo kwa haraka mno, hali alikuwa msomi wa chuo kile kile cha London, na mnamo mwaka 1914 alijitokeza kuwasilisha malalamiko ya Waafrika wa Nyasaland na Rhodesia mbele ya Mfalme wa Uingereza. Wawili hao waliianzisha misheni yao katika kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay, ng'ambo ya ghuba kutoka Kisumu.

Kwa muda wa miaka kumi na mitano Carscallen alikuwa msimamizi wa kazi ya Kanisa hilo katika eneo zima. Chini yake vilifunguliwa vituo vya Wire, Rusinga, Kanyadoto, Karungu, Nyanchwa na Kamagambo. Msomaji anayeijua ramani ya sehemu hizo ataona kwamba, ukiitoa Nyanchwa iliyoko Kisii, vituo hivyo vyote vimo katika kaunti mbili nilizozitaja. Kamagambo ilikuja kuwa kitovu cha elimu na mafunzo ya ualimu, na kwa njia hiyo mafundisho ya Gendia yakasambaa pamoja na chaki na ubao.

Mwaka 1910 alichapisha sarufi ya awali ya Dholuo, lugha ambayo watawala wa wakati ule waliiita Kavirondo ya Kinailoti. Kitabu hicho kina kasoro nyingi kwa macho ya mwanaisimu wa leo, lakini ni mojawapo ya kazi za mwanzo kabisa zilizoiweka lugha hiyo katika maandishi. Baadaye misheni ilipata mashine ndogo ya uchapaji, na sehemu za Agano Jipya zikatafsiriwa. Mtu huyu, basi, alikuwa mhubiri aliyelazimika kwanza kuwa mwanafunzi wa lugha.

Hapa ndipo tumbaku inapoingia. Kanisa lililomtuma Carscallen lilikuwa limekwisha kuikataa tumbaku tangu karne ya kumi na tisa, likiiona kuwa sumu ya mwili na kikwazo cha roho. Aliyetaka kubatizwa alitakiwa aiache. Ubatizo wa kwanza Gendia ulifanyika mwaka 1911, baada ya takriban miaka mitano ya mahubiri. Tusilichukue sharti hilo kuwa jambo dogo. Kwa Waluo wa wakati ule kiko kilikuwa alama ya umri na heshima. Wazee wa kiume kwa wa kike walivuta au kunusa tumbaku, na kumkaribisha mgeni kwa tumbaku kulikuwa sehemu ya adabu. Hata miongo mingi baadaye, wengi wetu tumewaona akina nyanya wakivuta sigara huku ncha yenye moto imo kinywani. Kijana aliyekiacha kiko cha wazazi wake aliacha pia nafasi iliyokuwa ikimngojea katika baraza lao.

Sasa tukitazame kitenzi. Kwa Kiswahili sigara huvutwa. Kwa Dholuo tumbaku hunywewa. Kitenzi ni madho, kile kile kitumikacho kwa maji na kwa pombe. Hakuna aliyeweza kuhubiri juu ya ulevi na tumbaku kwa lugha hiyo bila ya kukutana na kitenzi hicho, na kwa mhubiri kilikuwa msaada mkubwa, kwani makatazo mawili yaliingia katika sentensi moja. Mwadventista akawa mtu asiyekunywa, na maana yake ikawa hanywi pombe wala tumbaku. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo iliyolifanya katazo hilo lishike mizizi. Lakini kitenzi kilichosaidia ndicho pia kilichobana. Katazo lililoelezwa kwa lugha ya kunywa lilikaa kinywani. Halikusema lolote juu ya jembe.

Vita Vikuu vya Kwanza vilifika Kisii mwezi wa Septemba 1914, na kazi ya misheni ikavurugika. Carscallen aliendelea hadi mwaka 1921, ndipo alipoondoka Kenya. Hakuwa malaika. Alikuja chini ya kivuli cha dola ya kikoloni, na mila nyingi za wenyeji zilihukumiwa na wamisionari wa kizazi chake kabla ya kueleweka. Hata hivyo, katika suala la tumbaku, sayansi ilikuja kuafikiana na mahubiri. Mwaka 1950 Richard Doll na Austin Bradford Hill walichapisha nchini Uingereza utafiti uliohusisha uvutaji wa sigara na saratani ya mapafu. Mwezi wa Januari 1964 serikali ya Marekani ilitoa ripoti rasmi iliyosema vivyo hivyo. Mwaka huo huo wa 1964 Carscallen alifariki dunia.

Laiti hadithi ingeishia hapo, ingekuwa nyepesi kuisimulia. Kampuni ya British American Tobacco huhesabu mwaka 1907 kuwa mwanzo wake nchini Kenya, yaani mwaka mmoja tu baada ya Carscallen kufika Gendia. Katika miaka ya 1970 kilimo cha tumbaku cha mikataba kilienea miongoni mwa wakulima wadogo wa Nyanza Kusini, na Migori ikawa miongoni mwa maeneo makuu ya zao hilo nchini. Hivyo, nchi iliyofundishwa mapema kuliko nyingine nyingi kuikataa tumbaku ndiyo iliyokuja kuilisha viwanda.

Nilikulia katikati ya mkanganyiko huo. Mjomba wangu wa Uriri alikuwa mzee wa kanisa. Hakupata kuvuta sigara maishani mwake, na mgeni aliyetaka kuvuta nyumbani kwake alionyeshwa njia ya nje kwa upole. Mjomba huyo huyo alilima tumbaku. Msimu wa kuvuna, watoto walichuma majani yangali na umande, na jioni wengine walitapika na kuumwa kichwa, kwa maana nikotini hupenya ngozi yenye unyevu. Banda la kukaushia lilikokwa kuni usiku na mchana, na kilima kilichokuwa na miti nilipoanza shule kilikuwa uchi nilipomaliza. Kampuni iliyomkopesha mbegu na mbolea ndiyo iliyopanga madaraja ya majani na kukata deni lake kabla ya kumlipa. Kilichosalia kililipa karo yangu. Shahada niliyo nayo ina harufu ya banda lile, nami sina haki ya kumcheka aliyenisomesha.

Ajabu ni kwamba mwongozo wa Kanisa lake unakataza si matumizi ya tumbaku pekee, bali pia utengenezaji na uuzaji wake. Mjomba alilijua hilo, lakini aliloliona kuwa dhambi hasa lilikuwa lile la kinywani. Wala si Waadventista peke yao. Wengi wetu tusiovuta tunaona tumekwisha kumaliza wajibu wetu, ilhali tunauza sigara mojamoja dukani, au tunasubiri karo itoke kwenye majani.

Serikali nayo imechukua hatua. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka 2004, na sheria ya mwaka 2007 ikapiga marufuku kuwauzia watoto. Mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwemo Shirika la Afya Duniani, yalianzisha Migori mpango wa kuwasaidia wakulima kuacha tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, huku wakitafutiwa soko. Naona hekima katika mpango huo, kwa kuwa unamfuata mkulima shambani na kumpa kitu cha kushika badala ya kile anachoombwa akiache. Mkono mtupu haulambwi.

Kwenu walimu na wanafunzi, nina ombi moja. Siku hizi vijana wanauziwa vifuko vidogo vya nikotini vinavyobanwa chini ya mdomo. Havina moshi wala harufu, wala havivutwi. Mwanafunzi anaweza kuapa kwamba havuti sigara, na akawa amesema kweli. Katazo lililofungwa kwenye kitenzi kimoja halitamfikia, kama lilivyoshindwa kumfikia mjomba wangu shambani. Tusiwafundishe kuepuka kitendo cha kuvuta tu. Tuwafundishe nikotini ni nini, inavyomtawala mtu, nani anaipanda, nani anaiuza, na nani anabaki na deni. Carscallen alijifunza lugha ya watu ili aweze kuwaambia jambo alilodhani litawaokoa. Nasi hatuna budi kujifunza lugha wanayouziwa nayo vijana wetu, kabla muuzaji hajatutangulia tena.