Daktari Aliyeokoa Macho ya Watoto Wachanga

Carl Credé alizaliwa Berlin, Ujerumani, mwaka 1819. Alikuwa daktari wa wazazi katika mji wa Leipzig.

Siku zile watoto wengi wa Ulaya walipofuka wakiwa wachanga. Siku chache baada ya kuzaliwa, macho yalivimba yakatoa usaha. Mtoto aliambukizwa wakati wa kuzaliwa, na mama mwenye kisonono. Katika hospitali ya Credé, kati ya watoto 100, kama 10 hivi waliugua.

Kwanza Credé aliwaosha akina mama kwa dawa. Haikusaidia sana. Kufikia mwaka 1880 alikuwa amewageukia watoto wenyewe, kabla hawajaugua. Kila mtoto alisafishwa macho, kisha akatiwa tone la dawa ya madini ya fedha katika kila jicho. Tone moja tu! Waliougua hawakufika hata mmoja katika 100.

Dawa ile iliwasha macho. Siku hizi wakunga hutumia dawa ya kupaka, tetrasaiklini. Mama wa Upare, ukijifungulia Same mjini au zahanati ya mlimani, mwulize mkunga habari zake.

Credé alifariki mwaka 1892, huko huko Leipzig.