Goti Lilimkatia Ball, Halikumkatia Maisha: Stori ya Dwight Eisenhower

Ukitaja jina Dwight Eisenhower, wengi watakuambia ni yule Rais wa 34 wa Marekani, ama yule jenerali aliyemnyorosha Hitler. Wachache wanajua kwamba akiwa na miaka 22 jamaa alikuwa mtu wa ball, na nusura maisha yamharibikie juu ya goti moja.

Vijana wa Tawa na Mbooni yote, hii ni yenu. Tunajua vile siku ya kuandikwa KDF huwa. Unatimka mbio, unawashinda wasee, halafu daktari anaangalia meno, anaangalia magoti, na hapo hapo ndoto inaishia.

Ike, vile walimuita, alizaliwa 14 Oktoba 1890 huko Texas, akalelewa Abilene, Kansas. Kwao walikuwa vijana watupu na doo ilikuwa ngumu. Akiwa bado wa shule aliumia mguu, ukavimba vibaya hadi daktari akataka kuukata. Ike alikataa katakata, na kakake Edgar akasimama mlangoni kumlinda asikatwe akiwa amezimia. Mguu ukapona.

Alimaliza shule 1909 na karo ya chuo haikuwa. Yeye na Edgar wakakubaliana mmoja asome, mwingine apige kazi amlipie. Ike akaingia kiwanda cha maziwa, akapiga shifti karibu miaka miwili, nyingi za usiku. Baadaye akasikia West Point, chuo cha maafisa wa jeshi, husomesha bure. Akafanya mtihani, akaingia 1911. Mamake alikuwa mtu wa dini aliyechukia vita, lakini alimwacha mtoto aende.

Msimu wa 1912 ndio aliingia timu kubwa ya chuo. Hii si soka yetu. Ni ile ya Marekani, mpira wa umbo la yai, unabebwa kwa mikono na watu wanaangushana kama ng'ombe wa josho. Ike hakuwa mkubwa wa mwili, lakini alikuwa anaingia bila woga, na magazeti yakaanza kumtaja.

Tarehe 9 Novemba wakapatana na Carlisle. Hii ilikuwa shule ya watoto wa wenyeji asili wa Marekani, waliotolewa kwao, wakakatwa nywele na kukatazwa lugha ya mama. Kama ulishawahi kuvalishwa diski shuleni kwa kuongea Kikamba, unaelewa. Jeshi la Marekani ndilo lilikuwa limepigana na wazazi na mababu zao, kwa hivyo hiyo mechi haikuwa mchezo tu. Carlisle walikuwa na Jim Thorpe, aliyetoka kushinda dhahabu mbili za Olimpiki Stockholm mwaka huo huo. Ike na mwenzake wakapanga kumzima. Wapi! Waliishia kugongana wenyewe kwa wenyewe. Carlisle 27, Jeshi 6.

Wiki moja baadaye, mechi na Tufts, goti la Ike likapinduka. Akalala hospitali siku kadhaa. Alipotoka, kwa mazoezi ya kuruka kutoka kwa farasi, goti likaisha kabisa. Madaktari wakasema ball basi. Timu ikamaliza msimu na ushindi 5 na kuchapwa 3, ya mwisho ikiwa 6-0 mikononi mwa Wanamaji, mahasimu wao wa jadi. Ike hakuwa uwanjani.

Hapo ndipo jamaa aliingia giza. Alama zikashuka, sigara zikaongezeka, akataka kuacha chuo mara kadhaa. Marafiki wakamshikilia.

Akarudi uwanjani kwa mlango mwingine. Kwanza akaongoza mashabiki kushangilia, halafu akapewa timu ya akiba kuifunza. Mchezaji huona mpira na yule anayekuja kumwangusha. Kocha lazima aone uwanja wote, ajue nani amechoka na nani aingie. Hiyo kazi aliipenda.

1915 akamaliza wa 61 kati ya 164. Hata hapo goti lilitaka kumnyima cheo, maana daktari wa chuo alisita kumpitisha. Mwishowe akapelekwa jeshi la miguu, na kila kambi aliyotumwa wakubwa walimtaka awe kocha.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikapita akiwa nyumbani anafunza wengine. Watu wangesema amechelewa. Lakini tarehe 6 Juni 1944 ndiye aliamuru wanajeshi zaidi ya 150,000 wavuke bahari kuingia Ufaransa. Mwaka huo huo askari wa KAR, wakiwemo Wakamba, walikuwa kwa matope ya Burma wakipigana na Wajapani. Kabla ya shambulizi, Ike aliandika barua ya kubeba lawama zote peke yake kama mambo yangeenda mrama. Haikuhitajika.

Akawa Rais 1953 hadi 1961, miaka ambayo mingi yake huku kwetu ilikuwa Hali ya Hatari. Alifariki 28 Machi 1969 akiwa na miaka 78, akazikwa Abilene.

Kwa hivyo kama goti limekukataa, ama daktari amekuchorea mstari mwekundu, usichome daluga. Kuna kijana hapo uwanjani anangoja mtu wa kumfunza.