Adrian Atiman, Mganga wa Karema

Mtu akitoka Ujiji kwa chombo kwenda kusini, akifuata pwani ya mashariki ya Ziwa Tanganyika, huipita milima mirefu ya Mahale, na akiendelea mbele hufika Karema. Mwendo huo ni zaidi ya kilometa 200. Katika kijiji hicho aliishi Adrian Atiman, mganga na mwalimu wa dini, kwa muda wa miaka 67. Hakuzaliwa Karema, wala hakuzaliwa katika nchi yo yote iliyo karibu na ziwa hilo. Alitoka mbali sana, na njia iliyomleta ilianza kwa msiba.

Atiman alizaliwa karibu na mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, karibu na mji wa Timbuktu, katika nchi iitwayo sasa Mali. Siku hizo wateka watu walizunguka katika nchi ile wakitafuta watumwa. Atiman alipokuwa mtoto mdogo alitekwa, akatengwa na wazazi wake, akapelekwa kaskazini kupita jangwa kubwa la Sahara. Mtoto aliyekuwa na jina, na ukoo, na nyumba ya baba yake, sasa akawa bidhaa ya kuuzwa, kama chumvi au pembe.

Mwaka 1876 alifikishwa Metlili, katika nchi ya Aljeria. Huko walikuwako wamisionari waitwao Mapadre Weupe. Chama chao kilianzishwa mwaka 1868 na Lavigerie, Askofu Mkuu wa mji wa Algiers, ambaye baadaye alifanywa Kardinali. Waliitwa Weupe kwa sababu ya kanzu zao, maana walivaa kama watu wa Aljeria. Mapadre hao wakamnunua mtoto yule kwa fedha, wakamweka huru. Hivyo kifungo chake kikaisha. Lakini hakuweza kurudi kwao, maana kati yake na mama yake lilikuwako jangwa zima, na wateka watu walikuwa wangali njiani.

Basi akatiwa shuleni. Alijifunza kusoma na kuandika, akajifunza Kifaransa na mafundisho ya dini, akabatizwa jina la Adrian.

Wakati huo huo Lavigerie alikuwa akiwaza habari za nchi za bara. Alikuwa amekwisha kutuma mapadre mpaka Ziwa Tanganyika, nao walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Wengi katika wamisionari wa siku zile walikufa kwa homa, wengine kabla hawajamaliza safari. Lavigerie akaona ya kuwa watu wa Afrika wenyewe ndio watakaoweza kuifanya kazi hiyo vizuri. Akaazimu kuchagua vijana waliokombolewa katika utumwa, wafundishwe uganga, kisha wakae bara wakioa, wakijenga, na kuishi kama wenyeji wanavyoishi. Mganga aponyaye mtoto mgonjwa, alisema moyoni mwake, hupokewa hata katika nyumba ambayo mhubiri hajafunguliwa mlango.

Mwaka 1881 vijana hao walipelekwa Malta, na Adrian Atiman alikuwa mmoja wao. Malta ni kisiwa kidogo katika Bahari ya Kati, na siku zile kilikuwa chini ya Waingereza. Mji wake mkuu, Valletta, umezungukwa na kuta nene za mawe. Huko kiko Chuo Kikuu cha zamani sana, na vijana wale waliingia humo kusoma pamoja na wana wa kisiwa. Jioni walirudi katika nyumba yao, wakakaa chini ya ulinzi wa mapadre.

Masomo hayakuwa mepesi. Nyumbani walisema Kifaransa, chuoni Kiitaliani kilitumika sana, na majina ya dawa na ya viungo vya mwili yalikuwa ya Kilatini. Watu wa sokoni na wa bandarini walisema Kimalta, lugha ambayo asili yake ni Kiarabu, hata mtu aliyetoka Aljeria aliweza kuyatambua baadhi ya maneno yake. Kila lugha ilikuwa ya kigeni, na lugha ya mama yake Atiman hakuna aliyeifundisha.

Tena uganga wenyewe ulikuwa ukibadilika kila mwaka. Mwaka 1880 Mfaransa mmoja jina lake Laveran, akiwa Aljeria, aliona katika damu ya wagonjwa kijidudu kidogo kiletacho homa ya malaria. Mwaka 1882 Mdachi jina lake Koch alitangaza kijidudu cha kifua kikuu. Lakini ilikuwa hakuna aliyejua bado kwamba malaria huchukuliwa na mbu. Jambo hilo lilithibitishwa mwaka 1897, Atiman alipokuwa amekwisha kuwa bara miaka mingi. Basi ilimpasa mwanafunzi kushika yaliyojulikana, na kuwa tayari kujifunza mengine baadaye. Atiman alikaa Malta miaka saba, akamaliza masomo yake mwaka 1888. Umri wake ulikuwa kama miaka 22.

Sasa alikuwa kijana mwenye elimu ambayo watu wachache sana katika Afrika nzima walikuwa nayo. Hakurudishwa Mto Niger. Alitumwa katika nchi ambayo hajaiona, kwa watu ambao hajui lugha yao. Mwaka ule ule wa 1888 akasafiri kwa meli mpaka Unguja, akavuka kwenda bara, akafuata msafara wa wapagazi. Mwaka huo vita vya Abushiri na Wadachi viliwaka pwani, na njia zote zilikuwa za hatari. Safari ya miguu ilikuwa zaidi ya kilometa 1,000, kupita nyika na mbuga na mito. Alifika Karema mwaka 1889.

Karema ilikuwa ngome ya Wabelgiji kwanza, nao walikuwa wamewaachia Mapadre Weupe mwaka 1885. Biashara ya watumwa ilikuwa haijakoma katika nchi za ziwa. Ujiji ulikuwa chini ya Rumaliza, mfanya biashara mwenye nguvu nyingi, na misafara ilikuwa ikitoka ng'ambo ya ziwa na watu waliofungwa. Mapadre walikuwa wakikomboa watoto na kuwakusanya Karema. Kwa hiyo, Atiman alipofika mwisho wa safari yake ndefu, alikuta watoto waliokuwa kama yeye alivyokuwa Metlili. Hawakuhitaji kumweleza yaliyowapata, maana yeye mwenyewe aliyajua.

Akaanza kazi mara. Wagonjwa walikuwa wengi, na dawa zilikuwa chache, kwa sababu kila chupa ilichukuliwa kichwani kutoka pwani. Alitibu homa, vidonda na macho, akapasua palipokuwa na haja ya kupasua, na dawa za Ulaya zilipokwisha alitafuta msaada katika mimea ya nchi. Alijifunza Kiswahili, akafundisha dini kwa lugha hiyo. Asubuhi alikuwa na wagonjwa, na saa nyingine alikuwa na wanafunzi wake wa katekisimu.

Akaoa binti wa chifu wa Wabende, jina lake Agnes Wansahira. Mtu aliyenyang'anywa ukoo wake utotoni akapata ukoo tena katika pwani ya Tanganyika. Mwana wao Joseph alikua, akasoma, akawa padre.

Miaka ikapita, na mambo ya nchi yakageuka. Wadachi walitawala. Ugonjwa wa malale ukaenea katika pwani za ziwa mwanzoni mwa karne ya ishirini, ukaua watu wengi, hata vijiji vikahamwa. Mwaka 1914 reli ilifika Kigoma. Vita Kuu ikaja, na mwaka 1916 Wabelgiji wakaingia Kigoma na Ujiji, kisha nchi ikawa chini ya Waingereza. Meli iliyokuwa ya Wadachi, iliyozamishwa wakati wa vita, ilitolewa majini, ikaanza kazi tena mwaka 1927 kwa jina la Liemba. Sasa dawa na barua ziliweza kupelekwa kwa siku chache njia iliyokuwa ya miezi. Bendera zilibadilika mara tatu, lakini mgonjwa aliyefika mlangoni alimkuta mganga yule yule.

Mwaka 1946 habari za maisha yake, kama alivyozieleza mwenyewe, zilitiwa katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Alikuwa mzee wa miaka 80 hivi, na alikuwa angali Karema. Alipewa nishani za heshima kwa kazi yake, akafa mwaka 1956, akiwa na miaka 90 hivi.

Hata leo jina lake halijasahauliwa. Hospitali moja katika mji wa Sumbawanga huitwa kwa jina la Daktari Atiman.

Watu wengi huenda ng'ambo kutafuta elimu, na kila mmoja hulipa gharama yake. Atiman alilipa gharama kubwa kuliko wengi, kwa maana hakuchagua kuiacha nchi yake, bali alinyang'anywa. Lakini yale aliyojifunza katika kisiwa kile kidogo hakuyaweka kuwa pambo lake. Aliyachukua kwa miguu mpaka ziwani, akayatumia miaka 67 kwa watu ambao mwanzoni hakujua hata namna ya kuwaamkia.