Padre Georges Lemaître na Atomu ya Mwanzo

Padre Georges Lemaître alizaliwa tarehe 17 Julai 1894 mjini Charleroi, nchini Ubelgiji. Alisoma kwa Wajesuiti, kisha akaanza uhandisi katika Chuo Kikuu cha Louvain. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka alijiunga na jeshi, akatumika katika kikosi cha mizinga na kupewa nishani ya ushujaa. Baada ya vita aligeukia hisabati, akapata udaktari mwaka 1920, halafu akaingia seminari. Alipewa Daraja Takatifu la Upadre tarehe 22 Septemba 1923.

Mwaka 1927, akiwa mwalimu Louvain, alionyesha kwa hesabu kwamba ulimwengu unapanuka, na ndiyo maana galaksi za mbali zinazidi kutuacha. Albert Einstein alikiri kwamba hesabu ni sahihi, ila fizikia yake aliikataa.

Lemaître hakukata tamaa. Kama galaksi zinaachana leo, basi zamani zilikaribiana. Na tukirudi nyuma zaidi, maada yote ilikuwa imebanana pamoja. Mwaka 1931 alipendekeza kwamba ulimwengu ulianza kama atomu moja yenye uzito wa vitu vyote, ikapasuka kama radiamu inavyojivunja yenyewe. Katika miaka ya 1940 George Gamow na wenzake waliongeza jambo kubwa: maada hiyo iliyosongamana ilikuwa na joto kali mno, na humo protoni na nyutroni ziliungana kufanya viini vya atomu nyepesi.

Mwezi Novemba 1951 Papa Pio XII, akihutubia Taasisi ya Kipapa ya Sayansi, aliona katika nadharia hii ushuhuda wa uumbaji. Padre Lemaître, mjumbe wa Taasisi hiyo tangu 1936, hakufurahi. Kwake hiyo ilikuwa fizikia tu, na fizikia huweza kusahihishwa kesho. Septemba 1952, Baba Mtakatifu alipozungumza na wanaastronomia mjini Roma, hakurudia hoja ile.

Hapa sisi tunaosoma falsafa tunamkumbuka Mtakatifu Thoma wa Akwino. Alifundisha kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha kuwa ulimwengu ulikuwa na mwanzo. Kuumbwa ni kumtegemea Mungu kila nukta, hata sasa unaposoma. Basi anayewaambia waamini kwamba sayansi imemthibitisha Muumba anaiweka imani yao rehani: nadharia ikibadilika, watashika nini?

Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba mabaki ya joto lile la kale yamenaswa angani. Padre Lemaître, akiwa mgonjwa, alipata habari hizo kabla ya kufariki tarehe 20 Juni 1966. Alikuwa ameadhimisha Misa na kukokotoa hesabu zake kwa zaidi ya miaka 40, bila kuviona viwili hivyo kuwa maadui, wala kukifanya kimoja kuwa mtumishi wa kingine.

Raha ya milele umpe, ee Bwana.