Kardinali Rugambwa: Mtoto wa Muleba aliyesomea kusikiliza shida za watu

Siku hizi kijana wa Bukoba au Muleba anayetaka kuwa mnasihi anajua pa kuanzia. Anaingia chuo, anasoma saikolojia au ustawi wa jamii, kisha anafanya mazoezi chini ya mtu mzoefu.

Miaka 100 iliyopita huko Buhaya hakukuwa na chuo cha namna hiyo. Mwenye ndoa inayoyumba au jambo linalomnyima usingizi alikwenda kwa wazee wa ukoo. Waliobatizwa walikuwa na mlango mwingine wa kubisha: kwa padri.

Shida ilikuwa moja. Mapadri wengi walikuwa Wazungu waliojifunza Kihaya ukubwani. Wamisionari walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, lakini mapadri wazalendo wa kwanza walipata daraja mwaka 1917, na walikuwa wachache mno. Je, Mhaya angeaminiwa kubeba siri za Wahaya wenzake, na hata kuwaongoza?

Laurean Rugambwa alikuja kuwa sehemu kubwa ya jibu.

Alikotoka

Alizaliwa Julai 12, 1912, kijiji cha Bukongo, upande wa Rutabo, ambako leo ni wilaya ya Muleba. Familia yake ilikuwa ya watu wakubwa, wenye damu ya kitawala. Machi 19, 1921, akiwa na miaka 8, alibatizwa pamoja na baba na mama yake.

Shule ndefu kweli kweli

Alisoma seminari ndogo ya Rubya, hapo hapo Muleba. Baadaye akavuka mpaka kwenda seminari kuu ya Katigondo, karibu na Masaka, Uganda.

Masomo yenyewe hayakuwa mchezo. Kulikuwa na Kilatini, falsafa na teolojia. Kulikuwa pia na somo la maadili, ambalo ndani yake padri mtarajiwa anajifunza kuketi na mtu aliyekosa, kumsikiliza bila kumvunja moyo, na kumwonyesha pa kutokea. Na lipo sharti lisilo na mjadala: linalosemwa kwenye kitubio halitoki nje, hata iweje. Mnasihi wa leo naye anafundishwa kutunza siri, ingawa sheria yake ina mipaka ambayo ile ya padri haina.

Desemba 12, 1943 alipewa upadri. Alikuwa na miaka 31. Hesabu mwenyewe: tangu ubatizo ilikuwa imepita miaka 22.

Kazini, halafu darasani tena

Alifanya kazi ya kichungaji kwa miaka kadhaa, kisha akatumwa Roma, chuo cha Urbaniana, kusomea sheria za Kanisa. Alirudi na udaktari. Usidhani sheria hizo ni mambo ya makaratasi tu. Ndizo zinazoamua ndoa ipi ni halali na ipi ina kasoro, na ndoa ni kati ya shida zinazowafikisha watu wengi kwa padri.

Desemba 1951 jibu la lile swali likaanza kuonekana. Eneo la Bukoba liligawanywa, na sehemu mpya iliyoitwa Kagera ya Chini akakabidhiwa Rugambwa, akiwa na miaka 39. Februari 10, 1952 aliwekwa wakfu, akawa askofu Mkatoliki wa kwanza mwananchi wa Tanganyika. Mwaka uliofuata eneo lake likawa jimbo la Rutabo.

Machi 28, 1960, Papa Yohane XXIII akamfanya kardinali, Mwafrika wa kwanza katika zama hizi. Mwaka huo huo akawa askofu wa Bukoba. Mwishoni mwa 1968 alihamishiwa Dar es Salaam, akawa askofu mkuu hadi alipostaafu mwaka 1992.

Alichokiacha

Wakati yeye yuko Dar, mkoa wake ulipata pigo. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera. Huko hospitalini ilidhihirika kwamba dawa peke yake haitoshi. Alihitajika mtu wa kuketi na mgonjwa, kumwambia ukweli kwa lugha anayoielewa, na kuitunza siri yake. Unasihi ukawa kazi yenye mafunzo yake, na si ya mapadri peke yao tena.

Rugambwa alifariki Desemba 8, 1997, akiwa na miaka 85. Alizikwa kwanza Kashozi. Oktoba 2012, mwaka wa 100 tangu azaliwe, mwili wake ulihamishiwa kanisa kuu la Bukoba mjini.

Wengi wanakumbuka kofia nyekundu ya kardinali. Kwa anayeanza kazi ya kusikiliza watu, la kukumbuka ni ile miaka 22: tangu ubatizo, kupitia Rubya hadi Katigondo, kabla hajaruhusiwa kumsikiliza hata mtu mmoja kwenye kitubio.