Maisha ya John Muir, Mtetezi wa Milima

Mhariri wa sehemu hii ya Kiswahili ameniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani, nami nimemchagua John Muir wa Marekani. Labda mtauliza ananihusu nini mtu wa mbali hivyo. Sababu yangu ni maporomoko ya maji ambayo sikuyaona.

Nilipokuwa mwanafunzi hapa nilikuwa katika klabu ya watembeaji. Kila Jumamosi tulikipanda kilima kilicho nyuma ya shule, na mara moja kwa mwaka tulifanya safari ndefu. Mwaka mmoja tulikwenda Jinja, kuona mahali mto Naili unapotoka katika Ziwa Victoria. Tulikuwa tumesoma habari za Maporomoko ya Ripon, tukatazamia kuusikia mngurumo wake tangu mbali. Tulipofika tulikuta maji yanapita kimya. Mwalimu wetu akatueleza kwamba maporomoko yale yalifunikwa na maji ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Nilisikitika sana. Lakini tuliporudi shuleni na kuwasha taa bwenini, nilikumbuka kwamba umeme wetu ulitoka katika bwawa lile lile. Tangu siku hiyo si mwepesi wa kuhukumu katika mambo haya.

Miaka mingi baadaye nikasoma kwamba mapema mwaka 1912 mzee mmoja wa miaka 73, mwenye ndevu ndefu nyeupe, alishuka Mombasa, akapanda gari moshi hadi Ziwa Victoria, akafika Entebbe na Jinja, akayaona maporomoko ya Ripon yangali yakinguruma. Mzee huyo ndiye John Muir. Kwao alikuwa ameacha vita havijaisha, naye alirudi kuvimaliza: vita vya kuzuia bonde moja lisifunikwe na maji ya bwawa.

Muir alizaliwa tarehe 21 Aprili 1838 katika mji wa Dunbar, pwani ya Uskoti. Mwaka 1849 jamaa zake walihamia Marekani, wakafyeka msitu na kulima huko Wisconsin. Baba yake alikuwa mtu wa dini na mkali mno. Alimkaririsha mwanawe Agano Jipya lote na sehemu kubwa ya Agano la Kale, na mara nyingi fimbo ndiyo iliyokuwa mwalimu.

Shamba lao la pili halikuwa na maji, na John akaamriwa kuchimba kisima katika mwamba kwa patasi na nyundo. Kila asubuhi aliteremshwa kwa ndoo, akagonga jiwe peke yake mpaka jioni. Alipofika kina cha futi 80 hivi, hewa ya sumu ilikuwa imejikusanya chini. Akalegea, akavutwa juu karibu ya kuzimia. Baada ya siku chache akateremshwa tena, akachimba mpaka maji yakapatikana kwenye futi 90. Basi asidhani mtu kwamba Muir alikuwa bwana wa mjini asiyejua jasho la mchimbaji.

Wakati wa kujisomea hakuwa nao ila usiku. Aliamka saa saba za usiku, akasoma na kuchonga vyombo kwa mbao: saa, vipimajoto, na kitanda kilichojiinamisha saa ya kuamka na kumsimamisha mwenyewe kwa miguu yake. Nadhani wako wenzetu bwenini ambao kitanda hicho kingewafaa. Vyombo hivyo vilimpatia sifa katika maonyesho ya mwaka 1860 mjini Madison, kisha akaingia chuo kikuu hapo hapo, ingawa hakukaa mpaka kupata shahada.

Mwaka 1867 alikuwa akifanya kazi katika kiwanda mjini Indianapolis. Siku moja alikuwa akifungua mkanda wa mashine kwa ncha ya tupa. Tupa ikateleza ikamchoma jicho la kulia, na jicho la pili nalo likafifia. Akalala majuma kadhaa katika chumba cha giza, asijue kama ataona tena. Mungu alipomrudishia macho yake, aliazimu kuyatumia kutazama vitu alivyoumba Mungu, si mikanda ya mashine. Akatembea kwa miguu yapata maili 1,000 mpaka Florida, akaugua malaria huko, na mwaka 1868 akafika California na kuiona milima ya Sierra Nevada. Huko ndiko moyo wake ulikokaa.

Yatupasa kujua hali ya nchi ile. Dhahabu ilikuwa imegunduliwa California mwaka 1848, na watu kwa maelfu waliikimbilia. Dhahabu ya mitoni ilipopungua, wachimbaji waliyageuza maji kuwa silaha: waliyapitisha katika mabomba yenye nguvu, wakaviangusha vilima vizima ili waoshe mchanga wake. Tope likajaza mito, likafunika mashamba ya watu wa bondeni. Wakulima wakaenda mahakamani, na mwaka 1884 hakimu akakataza matope hayo yasimwagwe tena mitoni. Basi Muir aliishi mahali ambapo kila mtu aliweza kuona kwa macho yake mlima ukiisha.

Mwanzo alichunga kondoo, kisha akafanya kazi ya kupasua mbao katika bonde la Yosemite. Kila alipopata nafasi alipanda milimani na mkate na majani ya chai tu. Wataalamu wakubwa walisema bonde lile liliporomoka kwa msukosuko wa ardhi. Muir, asiye na cheo, alisema kwamba lilichongwa na mito ya barafu. Nao wakamdharau, wakamwita mchunga kondoo. Hata mwaka 1871 akaipata barafu hai ingali ikitambaa milimani, na kwa sehemu kubwa yeye ndiye aliyekuwa na haki. Mwaka 1879 alisafiri kwa mtumbwi pamoja na wenyeji Watlingit mpaka ghuba ya Alaska iitwayo leo Glacier Bay. Likumbukeni jina hilo, maana nitalirudia.

Mwaka 1880 alioa, akawa mkulima wa matunda, na kalamu yake karibu ilale. Aliyemwamsha ni mhariri wa gazeti moja la New York, Robert Underwood Johnson. Mwaka 1889 walipiga kambi pamoja juu milimani, wakaona jinsi kondoo walivyoyamaliza majani. Wakapatana: Muir ataandika, Johnson atawaendea wakubwa. Tarehe 1 Oktoba 1890 nchi ile ikafanywa Hifadhi ya Taifa ya Yosemite.

Lakini sheria peke yake haina miguu. Wenye mifugo, wenye mbao na wenye madai ya madini walianza mara moja kutaka mipaka ipunguzwe. Ndipo tarehe 28 Mei 1892 Muir na wenzake walipoanzisha mjini San Francisco chama cha wapanda milima, Sierra Club, naye akawa rais wake mpaka kufa. Chama kilikuwa na kazi mbili, kutembea milimani na kuilinda. Mwaka 1901 kilianza safari za kila mwaka, wanachama kwa makumi wakilala nje kwa majuma. Muir alizipenda safari hizo kwa sababu alijua jambo hili: mtu aliyelala juu ya mlima hawezi kukaa kimya akisikia mlima huo unauzwa. Mwaka 1903 alimfundisha somo hilo hilo Rais Theodore Roosevelt. Walilala nje siku tatu, na asubuhi moja waliamka wamefunikwa na theluji, Rais akafurahi kama mtoto.

Hata hivyo hakushinda kila mara. Mwaka 1905 Bunge lilikata maili mraba 542 za hifadhi ile, kwa kuwaridhisha wenye migodi na wenye mbao. Mwaka uliofuata alipata faraja mahali pengine. Alikuwa amekaa Arizona na binti yake mgonjwa, karibu na magogo ya kale yaliyogeuka mawe. Watu walikuwa wakiyachukua kwa mikokoteni, na kinu cha kuyaponda kilikuwa kimejengwa. Muir akayatetea, na mwezi Desemba 1906 Roosevelt akaitangaza nchi ile kuwa mali ya taifa ya kuhifadhiwa.

Sasa nafika kwenye vita vyake vya mwisho. Ndani ya hifadhi ya Yosemite liko bonde jingine, Hetch Hetchy, ambalo wakati huo lilikuwa na maua na miti mikubwa, mto Tuolumne ukipita katikati. Mji wa San Francisco ulitaka kulijaza maji. Haja yao haikuwa ya uongo. Mwaka 1906 tetemeko la ardhi na moto viliuteketeza mji ule, na watu walikuwa wameona mabomba makavu huku nyumba zinawaka. Muir hakukataa kwamba mji wapaswa kupata maji. Alisema kwamba iko mito mingine, na kwamba Hetch Hetchy ilichaguliwa kwa kuwa ardhi ya hifadhi haikugharimu kitu. Aliona kwamba mlango huo ukifunguliwa mara moja, kila mwenye bwawa au mgodi atabisha hodi.

Uchungu mkubwa ulitoka nyumbani. Warren Olney, ambaye chama kilianzishwa ofisini mwake, aliunga mkono mji. Mwaka 1910 wanachama wakapiga kura: 589 walitaka bonde lihifadhiwe, 161 walikuwa upande wa mji. Olney akajiuzulu. Vyama vingine vya watembeaji vikasaidia, barua zikamiminika Washington, magazeti mengi yakawa upande wa bonde. Lakini Bunge likapitisha sheria, na tarehe 19 Desemba 1913 Rais Wilson akaitia sahihi. Muir hakuishi sana baada ya hapo. Alikufa kwa kichomi mjini Los Angeles tarehe 24 Desemba 1914. Bwawa lilikamilika mwaka 1923, na bonde likazama.

Je, alishindwa? Kwa bonde lile, ndiyo. Lakini wale walioandika barua hawakusahau njia ya posta. Mwaka 1916 Marekani iliunda idara ya kuzisimamia hifadhi za taifa. Na ile ghuba ya Glacier Bay iliwekwa chini ya ulinzi mwaka 1925, kisha mwaka 1936 sheria ikawafungulia wachimba madini. Watembeaji na watetezi wa hifadhi walidai mpaka mwaka 1976, Bunge lilipopitisha sheria ya kukataza madai mapya ya migodi katika hifadhi za taifa, Glacier Bay ikiwamo. Muir alikuwa amekufa miaka zaidi ya 60.

Sitaki mdhani alikuwa malaika. Katika maandishi yake ya ujanani yamo maneno ya dharau juu ya Wahindi Wekundu na watu weusi, na mwaka 2020 chama chake mwenyewe kilikiri jambo hilo na kuomba radhi. Tena milima ile ilikuwa na wenyewe: Wamiwok walifukuzwa Yosemite kwa bunduki mwaka 1851, kabla yeye hajafika, naye hakuwatetea kama alivyoitetea miti. Anayetaka kumfuata Muir amfuate kwa miguu, lakini katika jambo hili amzidi.

Sasa narudi nyumbani. Mwaka jana nilipita hapa, nikaona ubavu wa kile kilima chetu umeng'olewa. Malori yalikuwa yakipakia kokoto. Nilipouliza kama shule ilipinga, niliambiwa kwamba hakuna aliyejua mpaka malori yalipofika. Nikauliza habari za klabu ya watembeaji, nikaambiwa ilikufa zamani. Nilikaa kwenye jiwe nikafikiri. Zamani wavulana 30 walikijua kilima kile kila kichaka, na mtu asingeweza kukipima kwa kamba siku ya Ijumaa tusijue siku ya Jumamosi. Sisi wakubwa tuliondoka bila kumwachia mtu njia.

Najua kokoto hizo zimejenga nyumba za watu, na labda darasa mnalosomea. Sisemi jiwe lolote lisivunjwe. Nasema tu kwamba upande wa mashariki, wenye chemchemi na mivule, haujaguswa bado, na kwamba wanaoamua hawajapata kumwona mtu yeyote akitembea huko. Nimepeleka buti zangu za zamani na ramani tuliyoichora wenyewe kwa mwalimu wa zamu. Ataziweka ofisini. Anayezitaka azichukue Jumamosi, aende na wenzake, na wakirudi waandike walichokiona.