Mchungaji Mtikila: alishinda kesi mara tatu, lakini mgombea huru bado hayupo

Pale Tunduma, hatua chache tu zinaitenganisha Tanzania na Zambia. Mkazi wa Nakonde, upande wa pili wa mpaka, anaweza kumchagua mbunge ambaye hana chama chochote. Katika uchaguzi wa Zambia wa mwaka 2021, wagombea huru 13 walishinda ubunge. Malawi, ng'ambo ya Mto Songwe, uchaguzi wa mwaka 2019 uliwapa wagombea huru viti zaidi ya 50. Lakini mkazi wa Tunduma, Vwawa, Itumba au Mkwajuni hana nafasi hiyo. Kwetu, asiyepitishwa na chama hawezi kuwa mgombea, hata kama kata nzima inamwamini.

Si kwamba hakuna aliyelipeleka jambo hili mahakamani. Mtu mmoja alilipeleka, akashinda mara tatu. Huyo ni Mchungaji Christopher Mtikila, ambaye sasa ni zaidi ya miaka kumi tangu afariki. Maisha yake yanatusaidia kuelewa swali ambalo wasikilizaji wengi hujiuliza: mahakama ikishatoa hukumu dhidi ya serikali, nani anahakikisha hukumu hiyo inatekelezwa?

Mwana wa Ludewa

Mtikila alizaliwa mwaka 1950. Kwao ni Ludewa, nyanda hizi hizi za juu kusini, katika eneo ambalo leo ni Mkoa wa Njombe. Alikuwa mchungaji wa kanisa la kilokole, na alianza kusikika sana mwishoni mwa utawala wa chama kimoja, akidai mageuzi.

Vyama vingi viliporuhusiwa mwaka 1992, yeye alikuwa na chama chake, Democratic Party, yaani DP. Hakikupata usajili. Sheria ilitaka chama kiwe na wanachama Bara na Zanzibar, naye hakuukubali Muungano. Alikuwa akidai Tanganyika irudi, na hakuwa tayari kwenda Zanzibar kutafuta wanachama. DP ilipata usajili wa kudumu mwaka 2002, miaka kumi baadaye.

Hakuwa mtu wa maneno laini. Aliwasemea walalahoi, na watu walijaa kwenye mikutano yake. Lakini ulimi wake uliwahi pia kuleta madhara. Alikuwa akiwashambulia kwa maneno makali Watanzania wenye asili ya Asia, na mwanzoni mwa mwaka 1993 mkutano wake wa Dar es Salaam ulifuatiwa na vurugu dhidi yao. Mwaka 1999 alihukumiwa kifungo cha mwaka mmoja kwa sababu ya matamshi yake kuhusu kifo cha Horace Kolimba, aliyekuwa mbunge wa Ludewa. Wapo waliompenda na wapo waliomwogopa. Hata hivyo kesi alizofungua hazikuwa zake peke yake.

Ushindi wa kwanza: 1994

Mwaka 1993 Mtikila alifungua kesi katika Mahakama Kuu, Dodoma. Hoja yake kubwa ilikuwa rahisi kueleweka. Katiba inasema kila raia ana haki ya kushiriki katika utawala wa nchi, na inasema pia kwamba mtu asilazimishwe kujiunga na chama. Sasa, kama huwezi kugombea mpaka uwe na chama, je, hujalazimishwa?

Jambo hilo halikuwa geni nchini. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa mwaka 1960, TANU ilipata viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja ilichokosa, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt aliyesimama kama mgombea huru. Mlango huo ulifungwa nchi ilipoingia katika mfumo wa chama kimoja mwaka 1965, na vyama vingi viliporudi haukufunguliwa.

Tarehe 24 Oktoba 1994, Jaji Kahwa Lugakingira alikubaliana na Mtikila kuhusu mgombea huru. Katika hukumu hiyo hiyo alisema pia kwamba kulazimisha watu waombe kibali kabla ya kufanya mkutano wa hadhara ni kinyume cha Katiba. Hapo ndipo ulipotoka utaratibu wa vyama kutoa taarifa polisi saa 48 kabla ya mkutano, badala ya kuomba ruhusa.

Lakini hata kabla hukumu haijasomwa, serikali ilikuwa imeshaandaa muswada wa kubadilisha Katiba. Bunge liliupitisha Desemba 1994, ukawa sheria Januari 1995. Mabadiliko hayo yaliandika ndani ya Katiba yenyewe kwamba mgombea urais au ubunge lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama hicho. Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 1995 ulipofika, ushindi wa Mtikila kuhusu mgombea huru haukuwa na kazi tena. Serikali haikuikataa hukumu kwa mdomo. Iliibadilisha sheria ambayo hukumu ilisimama juu yake.

Ushindi wa pili, na kushindwa

Mwaka 2005 Mtikila aligombea urais kwa tiketi ya DP, akapata kura 31,083, ambazo hazikufika hata asilimia moja. Mwaka huo huo alirudi Mahakama Kuu kupinga mabadiliko yale ya Katiba. Tarehe 5 Mei 2006 majaji watatu walimpa ushindi, wakaitaka serikali iweke utaratibu wa wagombea huru.

Serikali ilikata rufaa. Tarehe 17 Juni 2010, miezi michache kabla ya Uchaguzi Mkuu, majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani waliitengua hukumu hiyo. Walisema mahakama haina mamlaka ya kufuta kifungu kilichomo ndani ya Katiba, na kwamba suala la mgombea huru ni la kisiasa, la kuamuliwa na Bunge.

Hapa nchini, njia ya mahakama ikawa imeishia hapo.

Ushindi wa tatu: Arusha, 2013

Mtikila hakuishia hapo. Mwaka 2010 Tanzania ilikuwa imeridhia raia wake waruhusiwe kwenda moja kwa moja kwenye Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha. Mwaka 2011 Mtikila akafungua shauri. Chama cha Wanasheria Tanganyika pamoja na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu nao walifungua la kwao, na mashauri hayo yakasikilizwa pamoja.

Tarehe 14 Juni 2013 mahakama hiyo ilisema Tanzania imekiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi, haki ya kutolazimishwa kujiunga na chama, na haki ya usawa mbele ya sheria. Iliiamuru nchi ibadilishe Katiba na sheria zake ndani ya muda unaofaa, kisha itoe taarifa ya utekelezaji.

Mwaka uliofuata mahakama ilikataa kumlipa Mtikila fidia ya fedha, kwa kuwa hakuthibitisha hasara yake. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa ile amri ya kubadilisha sheria.

Serikali ilisema jambo hilo lingeshughulikiwa katika mchakato wa Katiba mpya. Na kweli, rasimu ya tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa na kipengele cha mgombea huru. Mtikila mwenyewe aliingia katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014. Lakini kura ya maoni iliyopangwa kufanyika Aprili 2015 iliahirishwa, na mpaka leo haijafanyika.

Kifo, na kilichofuata

Tarehe 4 Oktoba 2015, wiki tatu kabla ya Uchaguzi Mkuu, Mtikila alifariki katika ajali ya gari eneo la Msolwa, Chalinze, mkoani Pwani. Alikuwa na umri wa miaka 65. Hakuwahi kuona karatasi ya kura ya Tanzania yenye jina la mgombea huru.

Baada yake mambo mawili yalitokea. Katikati ya mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa, ingawa sheria iliyotokana na kesi yake ilitaka taarifa tu. Zuio hilo liliondolewa Januari 2023. Na Novemba 2019 Tanzania ilijiondoa katika ile ridhaa ya mwaka 2010. Tangu Novemba 2020, raia wa kawaida hawezi tena kupita njia aliyopita Mtikila kwenda Arusha. Amri ya mwaka 2013 haikufutwa. Ipo palepale, bila kutekelezwa.

Kwa nini linamgusa mpiga kura wa kijijini

Mahakama haina jeshi wala polisi wake. Ikitoa amri dhidi ya serikali, inaitegemea serikali hiyo hiyo kuitekeleza. Ile ya Arusha inaweza tu kupeleka taarifa kwa Umoja wa Afrika.

Matokeo yake yanafika mpaka kijijini. Chama kikizuiwa kushiriki uchaguzi, au fomu za mgombea wake zikikataliwa, wananchi hawana pa kumweka mtu wao nje ya vyama. Ndiyo maana katika chaguzi za serikali za mitaa vipo vijiji na vitongoji vilivyobaki na jina moja tu. Katika Uchaguzi Mkuu wa Oktoba 2025 Chadema haikuwa kwenye karatasi ya kura. Luhaga Mpina wa ACT Wazalendo alirudishwa kwenye kinyang'anyiro cha urais kwa amri ya Mahakama Kuu mwezi Septemba, lakini siku chache baadaye tume ilimwengua tena kwa pingamizi jingine, na kesi yake iliyofuata haikufaulu.

Mkulima wa kahawa wa Mbozi anayeaminiwa na wenzake, lakini hataki kadi ya chama chochote, anaweza kuchaguliwa kuongoza chama cha ushirika. Hawezi kuwa diwani. Mtikila aliithibitisha haki ya mtu wa namna hiyo mbele ya majaji, mara mbili nyumbani na mara moja Arusha. Kilichobaki ni kazi ya Bunge na serikali, nao bado hawajaifanya.